Kupaka rangi nakshi kwa watu wazima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huwa natembea na boksi la penseli za rangi kwenye mkoba, na nikikaa kwenye foleni ndefu nalitoa. Hapo ndipo maswali huanza, na karibu kila mara ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Yamepewa namba ili nisirudie jambo mara mbili. Nikisema "tazama swali la 6", shuka hapo moja kwa moja.

## Kuanza

1. Hii si kazi ya watoto wa chekechea?

Chekechea mtoto hupewa picha ya embe na kuambiwa embe likiiva ni la manjano. Anafundishwa kushika penseli na kutambua vitu. Mtu mzima hana haja ya somo hilo. Anachotafuta ni nusu saa ambayo mikono ina kazi na kichwa kimepumzika.

Ukitazama vizuri, watu wazima wa pwani hawajawahi kuacha kujaza nakshi. Anayesuka mkeka wa ukili huamua chane ipi aichovye rangi na ipi aiache nyeupe. Fundi wa kofia za vito huzungushia uzi tundu moja baada ya jingine kwa wiki nyingi. Mpakaji hina hujaza kiganja cha bibi harusi bila kunyanyua kichwa. Hakuna anayewaambia hao kuwa wanacheza. Kupaka rangi kwenye karatasi ni ndugu wa kazi hizo, ila hii haina mteja anayesubiri, na raha yake iko hapo hapo.

Huko Marekani na Uingereza vitabu vya kupaka rangi vya watu wazima vilipamba moto mwaka 2015, vikawa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa sana. Kwetu mtindo huo ulifika kwa kuchelewa na kwa njia ya simu, ndiyo maana bado unaonekana mgeni.

2. Kwa nini nakshi, si picha za maua au wanyama?

Kwa sababu picha ina jibu lake. Ukimpaka twiga rangi ya zambarau, sauti fulani kichwani itakuambia umekosea. Duara lililokatwa vipande vinane halina rangi "sahihi", kwa hiyo sauti hiyo inakosa la kusema.

Wapo pia Waislamu wengi wanaojizuia kuchora viumbe wenye roho. Mistari, nyota, pembe na majani hayana tatizo hilo, na ndiyo mapambo utakayoyaona kwenye misikiti na kwenye fremu za milango ya Lamu na Unguja.

3. Nahitaji vitu gani?

Boksi la penseli 12 za rangi, kichongeo, na karatasi yenye mchoro. Basi. Usinunue seti ya rangi 72 wiki ya kwanza. Utatumia muda wako kuzipanga.

4. Michoro naipata wapi?

Ipo mingi ya kupakua bure kwenye intaneti. Ukiipata, ipeleke steshenari wakutolee kwenye A4. Njia ya pili ni kunakili pindo la khanga kuukuu. Laza karatasi nyepesi juu ya khanga dirishani, mwanga upenye, kisha fuata mistari kwa penseli.

Njia ninayoipenda zaidi haihitaji kopi wala dirisha. Chukua kalamu ya wino mweusi, iweke katikati ya karatasi, kisha uitembeze taratibu bila kuinyanyua. Zunguka, kata mstari wako mwenyewe, rudi, kata tena, mwisho uingie pale pale ulipoanzia. Utapata kitu kama uzi uliovurugika, chenye vyumba thelathini au arobaini. Uzuri wake ni huu: mstari mmoja uliofunga mwisho wake, hata ujikatize mara ngapi, unaweza kupakwa kwa rangi mbili tu bila vyumba vinavyopakana ukutani kuwa na rangi moja. Jaribu. Ukiona vimegongana, ujue kalamu ilinyanyuka mahali au mwisho haukurudi mwanzo.

## Vifaa

5. Penseli, makapeni au krayoni?

Penseli, kwa anayeanza. Unaweza kupaka hafifu, ukaongeza, ukachanganya rangi mbili, na kosa likafutika kwa nusu.

Makapeni zina rangi kali inayopendeza macho haraka, lakini hazina hafifu wala nzito, na wino hupenya. Niliwahi kupaka kwa makapeni nyumbani kwa wifi yangu, karatasi nimeilaza juu ya kitambaa cheupe cha meza. Nilipoinyanyua palikuwa na nukta saba za zambarau, na zipo mpaka leo. Akija mgeni huonyeshwa. Weka karatasi mbili tatu chini, daima.

Krayoni ni nta. Zinafaa kwa vyumba vikubwa, si kwa nakshi ndogo, na ukizisahau kwenye gari lililoegeshwa juani utakuta uji wa rangi.

6. Karatasi ipi ni nzuri?

Karatasi ya kawaida ya kutolea kopi ni ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Inavumilia penseli, haivumilii makapeni. Ukiweza, omba steshenari wakuprintie kwenye gramu 120 au 160. Manila nayo inafaa, ingawa mashine nyingine zinaikataa.

Kitu ambacho wauzaji hawasemi: uliza kama mashine yao ni ya tona au ya wino wa maji. Tona ni unga unaoyeyushwa kwa joto na kugandamana na karatasi, hivyo mistari haichuruziki ukipitisha makapeni ya maji juu yake. Mistari ya wino wa maji inaweza kuchuruzika na kuchafua rangi zako zote. Usipopata jibu, lowesha kidole, gusa mstari pembeni, utajua.

Kwa wanaoishi pwani: karatasi iliyoachwa wazi msimu wa masika hunywa unyevu, ikalegea, na penseli ikipita nyuzi zinasimama kama manyoya. Zihifadhi kwenye bahasha ya plastiki.

7. Penseli zangu zinakatika kila nikichonga. Ni feki?

Huenda, lakini mara nyingi zimeanguka. Penseli ya rangi ikidondoka kwenye sakafu ya saruji, kiini chake huvunjika ndani kwa ndani vipande vitatu vinne, na wewe huoni chochote mpaka uchonge. Sababu ya pili ni kichongeo butu, ambacho hutafuna mti badala ya kuukata. Badilisha kichongeo kwanza. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mkoba.

Kabla hujazilaani, tazama kitako cha penseli. Kiini kikiwa kimekaa upande badala ya katikati, hiyo imetengenezwa vibaya na hutaichonga vizuri hata kwa kisu cha daktari.

8. Penseli nyeupe ni ya nini?

Kila mtu huimaliza mwisho kwa sababu kwenye karatasi nyeupe haionekani. Kazi yake ni kulainisha: ukishapaka bluu na kijani kando kwa kando, pitisha nyeupe kwa nguvu kidogo pale zinapokutana, mpaka uliokuwa mkali unayeyuka. Na ukipata karatasi ya kaki, kama ile ya bahasha, nyeupe inageuka kuwa rangi kuu.

## Rangi na ufundi

9. Nakaa dakika kumi naitazama karatasi. Nianze na rangi gani?

Punguza uchaguzi. Toa penseli tatu, funga boksi, liweke mbali. Rangi kumi na mbili mezani ni kama kuingia dukani huna orodha.

Kama hujui zipi tatu, azima kwa waliokwisha kuchagua. Khanga ya kisutu, ile ya arusi, inajitosheleza kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe, na hakuna mtu amewahi kuiona imepungukiwa. Ruhusu nyeupe iwe karatasi yenyewe, yaani vyumba usivyopaka.

Njia nyingine ni kuanzia kwenye majina. Rangi nyingi za Kiswahili zimebeba kitu ndani: kijani ina jani, kijivu ina jivu, kahawia ina kahawa, zambarau ni tunda, manjano ni kiungo cha jikoni, na damu ya mzee haihitaji maelezo. Fikiria mahali unapopajua, utaje vitu vitatu vilivyopo, uchukue rangi zake. Jikoni kwetu asubuhi: kahawia, kijivu, manjano. Nakshi hiyo niliipaka siku tatu na sikuchoka.

10. Rangi ngapi zinatosha ili vyumba vinavyopakana visifanane?

Nne. Si maoni yangu. Ni hesabu, na ina kisa chake. Mwaka 1852 kijana wa Kiingereza aitwaye Francis Guthrie alikuwa akipaka rangi ramani ya wilaya za Uingereza, akaona rangi nne zinamtosha. Akajiuliza kama ni hivyo kwa ramani yoyote duniani. Wanahisabati walihangaika na swali hilo kwa zaidi ya karne. Mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois walithibitisha kuwa ndiyo, tena kwa kutumia kompyuta kukagua hali zilizokuwa nyingi mno kwa mkono wa binadamu. Vyumba vinavyogusana kwa ncha tu, kama pembe za drafti, havihesabiwi kuwa vinapakana.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinaanza na mtu aliyekaa anapaka rangi. Nyumbani kinakupa mchezo: chukua nakshi yenye vurugu, jizuie kwa rangi nne, uone utakwama wapi. Utakwama, kwa sababu kuthibitishwa kuwa inawezekana hakukuonyeshi njia. Itabidi urudi nyuma ubadilishe chumba ulichokipaka mapema. Rangi mbili zinatosha kwa mchoro wa swali la 4 peke yake na jamaa zake.

11. Rangi yangu inatoka na mistari-mistari. Nakosea wapi?

Unabonyeza mno, na unaishika penseli karibu na ncha kama unayejaza fomu. Ishike nyuma kidogo, katikati ya mti, ilale. Paka viduara vidogo vinavyopandana, si mistari ya kwenda na kurudi. Safu ya kwanza iwe hafifu kiasi kwamba unajiuliza kama imeshika. Zungusha karatasi robo, paka safu ya pili. Zungusha tena. Safu ya tatu au ya nne ndipo rangi inajaa, na matundu meupe ya karatasi yanaziba. Ukibonyeza tangu mwanzo, nta hung'aa na kukataa rangi nyingine juu yake.

Iviringishe penseli kila baada ya muda ili ncha isilale upande mmoja.

12. Nimetoka nje ya mstari. Nifanyeje?

Ongeza mstari. Mahali rangi ilipovuka, chora mpaka mpya wa kalamu nyeusi, na chumba kimekua. Ukifanya hivyo pande mbili nne, itaonekana ulipanga. Raba huacha doa la mafuta kwenye penseli za rangi. Ukilazimika, dona kwa raba laini, usisugue.

13. Nilipaka usiku kwa taa, asubuhi nikakuta rangi nyingine kabisa. Kwa nini?

Mwanga wa njano, uwe wa chemli au wa balbu za zamani, huimeza rangi ya manjano. Chini yake manjano na nyeupe hufanana, na bluu huwa kama nyeusi. Kama umeme hukatika kwenu, chagua penseli mchana na uziweke pembeni, au tumia zile ambazo hazidanganywi: nyekundu, kahawia, nyeusi.

## Utulivu na mawazo

14. Kweli inapunguza wasiwasi?

Wapo walioipima. Mwaka 2005 Nancy Curry na Tim Kasser walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi 84 wa chuo nchini Marekani. Kwanza waliwatia wasiwasi kwa kuwaandikisha jambo lililowahi kuwaogopesha, kisha wakawapa dakika 20 za kupaka rangi. Kundi moja lilipewa mandala (swali la 16), jingine mistari iliyokatizana kama shuka la Kimasai, la tatu karatasi tupu wachore watakacho. Wasiwasi ulishuka kwa makundi mawili ya kwanza. Wa karatasi tupu hawakupata nafuu hiyo.

Hilo la karatasi tupu ndilo linalonigusa. Mtu mwenye mawazo ukimwambia "chora chochote" umemwongezea kazi. Mpe vyumba vilivyokwisha kukatwa, abaki na uamuzi mmoja mdogo kwa wakati mmoja.

15. Naweza kupaka huku nasikiliza redio, mawaidha au kikao?

Ndiyo, na huenda ukasikia zaidi. Jackie Andrade wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, aliwasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu wa kuchosha. Nusu yao walikuwa wakijaza maumbo kwa penseli. Baadaye waliojaza maumbo walikumbuka habari asilimia 29 zaidi ya wenzao. Maelezo yake ni kwamba kazi ndogo ya mkono huzuia akili kutangatanga.

Kikaoni, hata hivyo, mwombe ruhusa mwenyekiti. Utafiti hautakusaidia akidhani umemdharau.

16. Mandala ni nini? Ni ibada ya dini nyingine?

Neno ni la Kisanskriti, maana yake duara. Kwa Wahindu na Mabudha ni mchoro mtakatifu. Watawa wa Tibet huutengeneza kwa mchanga wa rangi kwa siku nyingi, kisha huufagia. Karatasi unayopewa steshenari ni duara lenye petali, limechukua jina tu. Kama dhamiri inakusuta, liache. Katika utafiti wa swali la 14 mistari ya kawaida ilifanya kazi ile ile.

17. Naweza kuitumia badala ya kwenda kwa daktari?

Hapana. Ukikosa usingizi wiki mbili, ukichukia chakula, au ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali, na mwambie mtu wa karibu leo. Penseli unaweza kwenda nazo kwenye foleni.

18. Badala ya kutulia nakasirika. Nina tatizo?

Angalia mchoro kwanza. Vyumba vidogo kuliko punje ya mchele humkera yeyote. Chukua mchoro wa vyumba vikubwa, uache kazi ikiwa nusu ukichoka, na usimpigie mtu picha ya matokeo. Nilipoanza kuposti zangu kila jioni, nilianza kupaka kwa ajili ya watazamaji, na raha ikaisha ndani ya mwezi. Ikiwa bado unakereka, basi kusuka, kupalilia bustani au kuosha vyombo kutakufaa zaidi. Si lazima.

## Hali za pekee

19. Vidole vinauma.

Viringisha kitambaa au mpira kwenye penseli iwe nene. Penseli nyembamba hukamuliwa. Paka dakika ishirini, nyoosha vidole. Maumivu yakibaki hata siku usiyopaka, muone mtaalamu.

20. Sioni vizuri karibu, au sitofautishi rangi. Je, naweza?

Wengi baada ya miaka 40 huhitaji miwani ya kusomea. Ivae, na utumie michoro iliyokuzwa hadi A3. Wasiotofautisha rangi, ambao wengi wao ni wanaume kwa kuwa hali hiyo hurithiwa mara nyingi kupitia kromosomu X, waandike jina kwenye kila penseli na wachague kwa weusi na weupe: hafifu, wastani, nzito. Nakshi iliyopangwa hivyo hupendeza hata kwa tunaoziona zote.

21. Watoto wananivamia na kuchukua penseli.

Wanunulie boksi lao, la bei nafuu. Lako liwe na jina lako, na liwekwe juu ya kabati. Kugawana hapa hakuna thawabu.

22. Programu za simu je?

Unagusa chumba, kinajaa. Hakuna safu, hakuna kukosea, na katikati inaingia taarifa ya ujumbe. Nazitumia kwenye basi linaloruka mashimo. Nyumbani, hapana.

23. Naweza kuuza nilizopaka?

Kama mchoro ni wako, uza. Kama ni wa mtu mwingine, rangi zako hazikupi haki juu ya mistari yake, hata uliipata bure. Soma masharti yake au muulize. Ila ukishaanza kupokea oda, rudi usome swali la 1, pale penye mteja anayesubiri.

24. Nifanye nini na karatasi zilizokwisha?

Ukizibandika ukutani, epuka jua la moja kwa moja. Linapausha rangi, makapeni haraka kuliko penseli. Mzee mmoja kwenye foleni ya kliniki aliwahi kuniuliza, "Binti, hiyo ukimaliza inakuwa nini?" Nikamjibu haiwi kitu, mzee. Akaniomba. Aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya kadi yake ya hospitali.

Nyingine nafunikia madaftari ya watoto wa dada yangu, tona nje, plastiki juu. La hesabu lina duara la kijani na damu ya mzee lenye chumba kimoja nilichokisahau. Mwenyewe amekijaza kwa kalamu ya bluu, darasani, na nina hakika ilikuwa wakati wa kipindi.